Midoli ya Marehemu: Isiuzwe Kabla ya Kujulikana

Mama mmoja msomaji wetu anayeishi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani ametuandikia barua ndefu, na kwa ruhusa yake tunaijibu hapa ukurasani badala ya kumjibu faraghani, kwani twaamini wako kina mama wengine ambao jambo hili litawafika, kama bado halijawafika. Mumewe alifariki dunia mwaka jana. Katika chumba cha chini ya nyumba aliacha makasha manane ya midoli ya roboti, ile inayojigeuza kuwa magari, ndege na wanyama. Aliikusanya kwa zaidi ya miaka 20, mingi akiinunua siku za Jumamosi katika nyua za majirani wanaouza vitu vyao vya zamani. Mama huyu hakuwahi kuipenda midoli hiyo. Asema wazi kwamba aliiona ni utoto wa mtu mzima.

Sasa kodi ya nyumba imemwelemea. Ndugu mmoja wa kanisani kwao, ambaye alisaidia sana wakati wa mazishi, yuko tayari kuyachukua makasha yote kwa dola 150 "ili kumwondolea mzigo". Shemeji yake naye asema wapewe watoto wa ukoo wachezee mpaka yaishe. Na mwanawe, mwenye umri wa miaka 11, ameng'ang'ania mdoli mmoja tu, dinosaria wa kijivu na dhahabu ambaye baba yake hakumruhusu kumshika bila kunawa mikono. Mama anatuuliza: Je, ni vema kumkatalia ndugu aliyemtendea mema? Na hiyo midoli, ina thamani yo yote kweli?

Dada yetu mpendwa, twakupa pole kwa msiba. Swali lako la kwanza haliwezi kujibiwa kabla ya la pili, kwa hiyo turuhusu tuanze na hilo la pili, na tumchukue huyo dinosaria wa mwanao kuwa mfano. Ukijua namna ya kumpima huyo mmoja, utaweza kuwapima na wenzake.

Kwa maelezo yako, yaani mwili wa kijivu wenye dhahabu, upanga mwekundu, na kichwa cha mnyama kinacholala mgongoni pale anaposimama kama mtu, huyo ni Grimlock. Asili yake ni Japani. Kampuni ya Takara ilianza mwaka 1980 kuuza midoli iliyoitwa Diaclone, mashine zilizoendeshwa na vijitu vidogo vyenye sumaku miguuni, na baadaye wakaongezwa dinosaria waliogeuka kuwa roboti. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipoiona midoli ya Takara ikaingia mkataba nayo. Mmoja wa walioishawishi alikuwa Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika katika kambi za mateso za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea. Mwaka 1984 midoli hiyo ikaingia madukani Marekani kwa jina la Transformers, pamoja na katuni za televisheni na vitabu vya hadithi za picha vya Marvel. Dinosaria walioitwa Dinobots walianza kuonekana kwenye katuni mwaka huo huo, na midoli yao ikauzwa mwaka 1985.

Walikuwa watano. Grimlock, aliye mkuu wao, ni Tyrannosaurus, yule mla nyama mwenye vijikono vifupi. Slag ana pembe tatu usoni. Sludge ana shingo ndefu, Snarl ana mabamba mgongoni, na Swoop ana mabawa (kwa wataalamu huyu wa mwisho si dinosaria hasa bali ni jamaa yao wa angani, lakini tusimnyang'anye nafasi yake). Wasomaji wetu wa Lindi wasione ni mambo ya mbali sana, kwani huyo mwenye mabamba mgongoni ana ndugu yake aliyefukuliwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, pamoja na yule mrefu ambaye Watanzania wamezoea kumwita mjusi, na ambaye mifupa yake iko Berlin mpaka leo. Ukiyatafuta makasha yako na kuwapata wote watano wa zamani, jua kwamba wakusanyaji hupenda kundi kamili.

Hapa ndipo penye shida. Grimlock si mdoli mmoja. Katika miaka 40 ametolewa mara nyingi sana, mkubwa kwa mdogo, wa bei ya juu na wa bei ya duka la kawaida, na mtu asiyejua anaweza kumshika wa mwaka 2021 akidhani ni wa 1985, au kinyume chake, ambalo ni kosa la hasara zaidi. Usidanganywe na jinsi anavyosimama. Grimlock wa kwanza husimama wima, mkia ukiburuza chini, kama walivyodhani wataalamu wa zamani; hata jumba kubwa la makumbusho ya viumbe mjini New York liliyasimamisha mifupa ya mnyama huyu namna hiyo kuanzia mwaka 1915, na likayageuza kuwa ya ulalo, mkia juu, katika miaka ya 1990. Lakini midoli mingi mipya hufuata katuni, si makumbusho, basi nayo husimama wima vile vile.

Uanze kwa kutafuta maandishi. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, umgeuze taratibu, uangalie tumboni, mgongoni na ndani ya miguu. Utakuta herufi ndogo zilizotokea kwenye plastiki au chuma zikitaja kampuni, nchi na mwaka. Jina la Takara peke yake au pamoja na Hasbro laonyesha kwamba huenda ni wa zamani. Takara iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006, kwa hiyo ukiona jina la Tomy ujue ni wa baada ya hapo. Angalia lakini jambo hili ambalo limewakosesha wengi: mwaka uliochongwa ni mwaka wa kalibu iliyoutengeneza mdoli, si lazima uwe mwaka ambao mdoli wenyewe ulitoka kiwandani. Grimlock yule yule wa kwanza alirudishwa madukani mwaka 1993 katika mfululizo ulioitwa Generation 2, safari hiyo akiwa na rangi nyingine, ikiwamo buluu, na katika miaka ya 2000 Takara ikamtoa tena Japani. Kwa hiyo maandishi yasomwe pamoja na rangi, kasha na karatasi.

Pia jina lililoandikwa kwenye boksi laweza kusaidia. Yule mwenye pembe tatu aliitwa Slag tangu mwanzo, lakini katika miaka ya karibuni Hasbro imekuwa ikimwita Slug, kwa kuwa nchini Uingereza jina lile la kwanza ni tusi ambalo hakuna mama angependa mwanawe alitamke mezani. Ukikuta boksi limeandikwa Slug, huyo si wa 1985.

Wawili wengine twadhani wanaweza kuwamo katika makasha yako, kwa kuwa mumeo aliendelea kukusanya mpaka miaka ya karibuni. Mwaka 2009 Takara Tomy ilitoa Grimlock mkubwa wa mfululizo uitwao Masterpiece, ambao hutengenezwa kwa watu wazima wanaokusanya na si kwa watoto. Ana namba MP-08 kwenye boksi lake. Na mwaka 2021 Hasbro ilitoa mwingine katika Studio Series, aliyefanana na Grimlock wa filamu ya katuni ya mwaka 1986. Huyu ana urefu wa karibu sentimita 21, na ndani ya boksi lake alikuja na roboti mdogo aitwaye Wheelie. Kama unaye mkubwa bila mdogo, mtafute huyo mdogo kabla hujafanya lo lote. Aghalabu vitu vidogo huwa vimeangukia chini ya kasha, au vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ambao mtu mwenye haraka angeutupa.

Sasa tuje kwenye hali ya mdoli wenyewe, maana hapa ndipo bei inapopanda au kuanguka.

Mtoe Grimlock kutoka chumba cha chini umlete sebuleni, umwache siku nzima kabla ya kumgeuza. Minnesota kuna baridi kali, na plastiki kuukuu iliyopoa huvunjika kama biskuti. Ukisha kunawa na kukausha mikono, mgeuze taratibu. Kwa Grimlock wa asili, miguu ya mnyama huwa mikono ya roboti, na mkia wake hufunguka katikati na kuwa miguu miwili. Kichwa na shingo hukunjwa kwenda mgongoni. Kiungo kikikataa, usikilazimishe. Acha, angalia picha za maelekezo, ujaribu upande mwingine. Mwanao bila shaka anajua kukuzidi, mwite.

Akiwa roboti, msimamishe mezani. Je, anasimama mwenyewe, au magoti yanalegea akaanguka kifudifudi? Inua mikono yake uiachie. Ikianguka papo hapo basi bawaba zimechoka. Akiwa mnyama, nusu mbili za mkia zapaswa kukutana bila kuacha mwanya. Tazama pia vile vijino vidogo vya plastiki vinavyoshika sehemu moja kwa nyingine. Kijino kilichokatika hakionekani kwenye picha, lakini mnunuzi atakigundua siku ya kwanza, naye atarudisha mzigo.

Baadaye tazama dhahabu yake. Ile dhahabu inayong'aa si rangi ya kupaka, ni utando mwembamba sana wa madini uliowekwa juu ya plastiki. Huchubuka kwenye kingo kwa kushikwashikwa, na jasho la mikono huiharibu. Sasa utaelewa kwa nini marehemu alidai watoto wanawe. Utando huo ukiondoka haurudi, na hakuna dawa ya kusugulia itakayokusaidia. Spiriti, tina na dawa za kung'arishia vyombo zitaumaliza wote. Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi au mswaki mpya usio mgumu, mkavu. Penye uchafu mkaidi, tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, na uzikwepe stika pamoja na skrubu, kwani skrubu hushika kutu.

Kuna dhahabu ya namna nyingine ambayo lazima tuitaje, maana yaweza kuwamo katika midoli mingine ya makasha hayo. Katika miaka ya mwisho ya 1980 na ile ya 1990, baadhi ya midoli ilitengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa chembechembe za dhahabu ndani yake, yenye mawimbi kama marumaru. Plastiki hiyo huoza kwa ndani. Hata mdoli uliokaa katika boksi lake bila kuguswa unaweza kuvunjika vipande siku utakapogeuzwa mara ya kwanza. Ukiona plastiki ya namna hiyo, usigeuze kabisa. Mpige picha jinsi alivyo, umweleze mnunuzi ukweli, na aamue mwenyewe.

Kisha tafuta vya kuambatana naye. Grimlock wa mwaka 1985 alikuja na upanga mwekundu, silaha ya kurushia makombora na makombora yake madogo. Alikuja pia na karatasi ya stika, karatasi ya maelekezo, na kipande cha plastiki nyekundu kisicho na maana machoni pa asiyejua: ukikiweka juu ya mistari iliyovurugika nyuma ya boksi, unaweza kusoma nguvu na akili ya roboti huyo zimepewa alama ngapi. Usikitupe. Boksi lenyewe nalo lichunguze. Watoto wa wakati ule walikata kwa mkasi alama za pointi zilizochapishwa kwenye boksi, wakazituma kwa posta ili wapate midoli ya zawadi, hivyo maboksi mengi yana tundu la mraba. Lenye tundu lina thamani kuliko kutokuwa na boksi, lakini halifikii lililo zima. Na kama kuna boksi ambalo bado limefungwa kwa utepe wake wa kiwandani, twakusihi usilifungue hata kwa kuchungulia. Tofauti ya bei kati ya mdoli mmoja mtupu uliochakaa na mwenzake aliye katika boksi lisilofunguliwa yaweza kuwa zaidi ya mara kumi.

Utakutana na wakusanyaji wanaoandika C8 au C9. Ni kipimo chao cha hali ya mdoli, ambapo C10 ni kama ulivyotoka kiwandani. Uwe mwangalifu, maana muuzaji hupenda kujipa C9 na mnunuzi akaiona C6. Iko pia kampuni ya Marekani, AFA, ambayo hupima midoli kwa alama mpaka 100 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki angavu. Huduma hiyo hulipiwa. Kwa maoni yetu haina faida kwako, isipokuwa kwa boksi lililofungwa la mwaka 1985 ambalo mtu mwingine anayejua amekwisha kulithibitisha.

Uigaji nao umeenea. Hasbro yenyewe ilisumbuliwa na waigaji mapema sana, ndiyo maana kuanzia mwaka 1985 iliweka kwenye midoli yake kibandiko cheusi ambacho ukikisugua kwa kidole, joto hufanya sura ya Autobot au Decepticon ijitokeze. Ukikuta kibandiko hicho kikifanya kazi baada ya miaka 40, ni furaha. Kisipokuwapo usikate tamaa, kwa kuwa vibandiko hubanduka, na vingine vimechoka havionyeshi kitu. Mdoli wa kuiga kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa asili ambao una sehemu za chuma, plastiki yake ni laini mno au ina harufu kali, na majina ya kampuni yamefutwa yakaacha bamba tupu. Siku hizi pia hutengenezwa panga na stika mpya za kujaza pengo la zilizopotea. Si dhambi kumwekea mdoli upanga mpya. Ni dhambi kunyamaza wakati wa kuuza. Mwisho katika hili, zipo kampuni ndogo, hasa za China, ambazo bila leseni hutengeneza roboti dinosaria zenye ubora mkubwa na majina mengine kabisa. Hao hawana jina la Hasbro wala Takara mwilini, lakini wakusanyaji huwalipia fedha nyingi. Kwa hiyo asiye na jina asitupwe kwenye lundo la takataka bila kuulizia.

Kuhusu bei, ziko za kuulizwa na ziko za kulipwa. Mtu anaweza kuandika kwenye intaneti kwamba Grimlock wake ni dola 900, na akakaa naye miaka mitatu. Katika tovuti ya mnada ya eBay kuna mahali pa kuchagua kuona vilivyokwisha kuuzwa tu. Tazama hapo, utafute walio katika hali kama ya wako, uandike bei kumi za karibuni, uondoe ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa. Zilizobaki ndizo zitakazokupa mwanga. Ukipeleka kwa mwenye duka la midoli ya kale, tegemea kulipwa pungufu sana ya hapo. Hajakuonea, naye ana kodi ya duka na apaswa kupata faida. Lakini nenda kwa wawili au watatu, na usiwaachie mzigo "wautazame" bila hati.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kawaida. Kila mdoli uandikiwe ukurasa wake: jina, maandishi ya mwilini, vilivyopo, visivyopo, kilichovunjika. Piga picha mbele, nyuma na pale penye kasoro. Picha hizo zitakusaidia tena wakati wa kutuma kwa posta, kwani wapo wanunuzi wachache wasio waaminifu ambao hupokea kizima wakarudisha kilichovunjika cha kwao, wakidai fedha zao.

Sasa turudi kwa ndugu yako wa kanisani. Hebu tufanye hesabu ndogo. Yule Grimlock wa mwaka 2021, mdoli wa duka la kawaida, aliuzwa mpya kwa karibu dola 50. Dola 150 basi ni bei ya watatu kama hao walipokuwa wapya, na wewe una makasha manane, ambamo bado hujui kuna nini. Hatumshitaki ndugu huyo. Yawezekana hajui lo lote kuhusu midoli, na kweli ataka kukupunguzia mzigo. Yawezekana pia anajua sana. Huna haja ya kuchunguza moyo wake. Mwambie kwa upole, mbele ya mtu wa tatu kama mke wake au mzee wa kanisa, kwamba unamshukuru, kwamba umeamua kwanza kuhesabu mali yote ya marehemu, na kwamba utamjulisha baada ya miezi miwili. Aliyekuja kusaidia atasema sawa, na huenda akajitolea kuyabeba makasha kuyapandisha juu. Akikuhimiza uuze wiki hii, au akiongeza bei ghafla mpaka dola 400, umekwisha kupata jibu bila ugomvi. Wema wa siku za mazishi ulikuwa wema. Haukuwa malipo ya kwanza ya midoli. Kama wataka kumlipa fadhila, mwandalie chakula yeye na nyumba yake.

Kwa shemeji yako jibu ni fupi zaidi. Midoli ya mwaka 1985 si ya watoto wadogo. Yale makombora humezwa na kumkaba mtoto, na vijitu vya Diaclone, kama vimo, vina sumaku ambazo zikimezwa mbili huvutana ndani ya utumbo na kuujeruhi. Isitoshe, sheria ya Marekani iliyobana kiasi cha risasi katika vitu vya watoto ilipitishwa mwaka 2008, miaka mingi baada ya midoli hiyo kutoka kiwandani. Mwambie hivyo, na ukipenda watengee watoto wa ukoo wachache kati ya ile mipya iliyochakaa, ambayo haina bei, kila mmoja apate kumbukumbu ya baba mdogo au mjomba wake.

Wewe umesema kodi imekuelemea, kwa hiyo hatutakushauri ukae na makasha manane kwa ajili ya huzuni. Uza. Uza yale maboksi yaliyofungwa kwanza, moja moja, kwani hayo hayahitaji maelezo mengi. Wale Dinobots wengine, kama wapo, usiwatenganishe kabla ya kuulizia bei ya kundi. Vilivyovunjika vikusanye pamoja uviuze kama vipuri, maana wapo wanaotafuta mguu mmoja tu.

Lakini Grimlock wa mwanao asiuzwe. Twajua wako watakaosema kwamba huenda ndiye mwenye bei kubwa kuliko wote, na yawezekana. Labda mfike mahali ambapo mnatolewa nyumbani, hapo ni jambo jingine, na hata hapo mtoto aambiwe na kuulizwa kwanza, asikute kabati tupu akirudi kutoka shuleni. Mtoto wa miaka 11 aliyefiwa na baba hakuchagua mdoli wenye bei. Alichagua ule ambao alifundishwa namna ya kuushika. Barua yako yenyewe yasema kwamba katika makasha manane hakuomba kingine.

Tena mpe kazi. Yeye ndiye awe mwandishi wa daftari, wewe ukipiga picha. Fanyeni kasha moja kila Jumamosi jioni, na kwa wiki nane mtakuwa mmemaliza, ndani ya ile miezi miwili uliyomwomba ndugu yako. Anajua majina ambayo wewe hujui. Huenda akakueleza baba yake alinunua huyu wapi, na yule kwa nani, na kwa nini mmoja hana mkono. Hayo nayo yaandikwe ukurasani, hata kama hayaongezi bei.

Grimlock wenu mwekeni kwenye rafu mbali na dirisha, kwani jua hubadilisha rangi ya plastiki na kukausha stika, na mbali na mashine ya kupasha joto nyumba. Kama ni miongoni mwa ile mipya yenye taa, toeni betri, maana zikivuja humla kwa ndani. Asimame katika umbo la mnyama au la roboti, vyo vyote mwanao apendavyo, ila asiachwe nusu nusu, kiungo kikiwa kimevutwa kwa miezi. Makasha yenyewe yapandisheni kutoka chini kabla ya mvua za masika, kwani unyevu wa chumba cha chini huyeyusha gundi ya maboksi na kuotesha ukungu. Nasi tutafurahi ukituandikia tena kutuambia mlichokikuta katika kasha la nane.